Hatua za Mama Wonsik

Bucheon, 12 Septemba

Kwa Dada Sunrye, Mama Wonsik,

Usishtuke kupata kifurushi kutoka kwa mtu usiyemjua vizuri. Mimi ni Tak Mihwa, Mama Garam, yule wa kona ya chini kwenye simu yako wakati wa mazoezi yetu ya hospitali kwa video, mwenye fulana ya njano na cherehani nyuma yake. Mwalimu Noh alipotupanga wawili wawili wiki iliyopita, alinipa wewe. Nilitaka kukwambia neno baada ya mazoezi, lakini akina mama wote kumi na wawili walikuwa wanasikiliza, nami nilichotaka kusema si cha kusikilizwa na watu kumi na wawili. Anwani yako nimeipata kwake.

Ni hivi. Ukiinua mikono, fulana yako inavutwa upande wa kushoto na bega linapanda peke yake. Mimi ni fundi wa kurekebisha nguo mwaka wa ishirini na sita huu, jicho langu haliwezi kunyamaza. Unaweka nini humo ndani, dada? Soksi? Mimi niliweka soksi za Garam miezi minne, mpaka siku moja ikachomoka nikiwa nimeinama kupima suruali ya mteja. Mteja akaiokota, maskini wa Mungu, akanipa kwa mikono miwili: "Mama, soksi yako." Sikujua nicheke au niingie chini ya meza.

Kwa hiyo nimekushonea pedi. Ndani nimejaza mawele, ina uzito wa kutosha, bega lako litatulia. Ukitaka kuifua, fungua kifungo cha pembeni umwage mawele kwanza, la sivyo utaotesha shamba kifuani.

La pili ni hizi bangili za kuhesabu hatua tulizoletewa na hospitali. Ijumaa hatua za kila jozi zinasomwa mbele ya wote, na mimi na wewe tulikuwa wa mwisho. Najua ni kosa langu. Kutwa nzima nimekaa kwenye cherehani. Lakini nitatembea, naapa, usinikatie tamaa.

Nikwambie ukweli, sikujiunga kwa kupenda mazoezi. Nilijiunga kwa kuogopa. Titi langu liliondolewa mwaka juzi na tangu hapo kila kitu kikiuma, hata jino, nasema ugonjwa umerudi. Mwalimu Noh alisema wanaofanya mazoezi hulala vizuri na hofu hupungua. Naisubiri hiyo siku ya kupungua. Tarehe tano Desemba nina kipimo cha miaka miwili, na kalenda nimeigeuzia ukuta.

Mdogo wako,
Mihwa


Yeongyang, 20 Septemba

Kwa mdogo wangu, Mama Garam,

Mtu wa vifurushi alinikuta uani, mikono imejaa pilipili. Nilinawa mara tatu kabla ya kufungua, na bado nilijigusa jicho. Kama unaona matone kwenye karatasi hii, ni pilipili, usijisifu.

Haikuwa soksi. Ilikuwa kitambaa cha kufutia vyombo, nimekikunja mara nne. Sasa nimevaa pedi yako na nimejitazama kwenye dirisha la ghala kama msichana. Asante. Mwenyewe nisingethubutu kumwomba mtu kitu kama hicho.

Umeniuliza kwenye simu mbona sijibu ujumbe. Naomba tuandikiane kwa karatasi hivi hivi. Simu hii alininunulia Wonsik, mwanangu, na kila kinachoingia kwangu kinaonekana na kwake huko Ulsan. Nikimwandikia mtu kwamba nina mafua, dakika tano baadaye ananipigia kutoka kazini. Anafanya hivyo kwa upendo, najua, lakini hata kuku huachwa akune peke yake.

Na kuzungumza kwa sauti siwezi, kwa sababu ya mama mkwe wangu. Tunaishi wawili tu, yeye ana miaka themanini na minne. Ukimwomba akupe chumvi hasikii. Ukimnong'oneza jirani, anasikia kila neno. Na yeye hajui, Mama Garam. Hajui kabisa. Mume wangu, yaani mwanawe, alikufa kwa saratani ya ini miaka sita iliyopita. Daktari alipolitaja lile neno, mama alikaa chini kwenye sakafu ya hospitali mbele za watu, na siku tano hakuonja chakula. Ilipokuja zamu yangu sikuweza kumpa neno lile lile mara ya pili. Nilimwambia ni mawe ya nyongo. Kisha nikakaa kwa Wonsik miezi saba, nikasema nalea mjukuu, mpaka nywele zikaota. Hata haya mazoezi anadhani ni ya viungo vya wakulima. Jana kachungulia simu akamwona Mwalimu Noh anaruka, akasema, "Huyu mtoto amelima wapi na miguu hiyo?"

Nakutumia pilipili ya unga ya mwaka huu. Hatua nitajitahidi.

Sunrye


Bucheon, 6 Oktoba

Dada,

Elfu tisa na mia nne! Kwa siku! Mwalimu Noh alipolisoma jina lako Ijumaa niliacha kutafuna. Tulikuwa wa mwisho, tukawa wa tatu, na juzi tumekuwa wa pili, tumewapita hata wale wawili wa Suwon wenye viatu vinavyofanana. Mimi nimechangia elfu nne tu lakini nilijisikia kama nimebeba timu nzima mgongoni.

Unanitia aibu na unanitia nguvu. Asubuhi nikitaka kulala nasema, Mama Wonsik ana miaka sitini na mbili, ana shamba la pilipili, ana mama mkwe, kapanda milima huko na mkono mmoja mbovu tangu upasuaji, wewe umelala? Nainuka. Nimeanza kwenda sokoni kwa miguu. Garam amesema nimepata rangi. Na unajua, juma zima la sikukuu ya mavuno sikuiota ile hospitali hata mara moja. Labda Mwalimu Noh hakudanganya.

Ila mbona umezima kamera? Wiki ya pili hii naona jina lako tu kwenye mraba mweusi. Mwalimu alisema mtandao wa milimani unakatika. Mimi nimezoea kukuona ukitoa ulimi kidogo unapoinua mkono wa kushoto. Bila wewe nakosa wa kumwiga.

Mihwa


Yeongyang, 14 Oktoba

Mdogo wangu,

Nisamehe kwa mwandiko, naandika nimelala kifudifudi sakafuni, moto umewashwa chini yake na joto linapanda mpaka mgongoni. Pilipili zimenichosha kiuno kidogo. Kila mwaka ni hivyo hivyo.

Ndiyo, mtandao. Huku mvua ikinyesha bondeni, simu inakuwa kipande cha kigae. Lakini nakusikia. Nasikia unavyohema kwenye zoezi la nane, na nasikia ukimtukana Mwalimu Noh ukidhani umezima kipaza sauti. Mama mkwe amekupenda sana kwa hilo. Anauliza, "Yule mwenye mdomo yuko leo?"

Usizitazame sana hatua zangu, Mama Garam. Tazama zako. Elfu nne za kweli si jambo dogo. Nikizisikia nafurahi kuliko unavyodhani.

Umesema hofu imepungua. Shika hapo hapo. Tarehe tano Desemba nenda kwenye kipimo chako kama mtu anayekwenda kuchukua nguo yake kwa dobi. Ukipata wazo la kuahirisha, niandikie mimi kwanza.

Nakutumia matunda kumi na mawili ya persimoni. Zile laini uzile leo.

Sunrye


Bucheon, 27 Oktoba

Dada Sunrye,

Kwa nini hupokei simu? Nimepiga mara kumi na moja. Mwalimu Noh naye amepiga mpaka amechoka, ndipo akanipigia mimi kama mwenzako, nami nilikuwa na pini mdomoni, nusura nizimeze.

Amesema bangili yako imeonyesha moyo wako unaruka. Si mara moja, ni siku nne mfululizo. Unapiga, unakosa, unakimbia, unasimama. Daktari wa hospitali ameangalia ile michoro akasema mgonjwa huyu apelekwe hospitali leo, siyo kesho, maana damu inaweza kuganda moyoni ikapanda kichwani. Akauliza mgonjwa alitumia dawa gani. Mwalimu akamwambia ile sindano ya kila wiki tatu, ya mwaka mzima.

Dada, ni sindano ile ile niliyochomwa mimi. Mimi na wewe, chupa moja. Walitwambia tangu mwanzo kwamba inaweza kudhoofisha moyo, tukaitikia tu, nani angebisha wakati ule? Sasa tangu juzi nimelala na mkono kifuani nahesabu. Nikihesabu unakwenda mbio. Nikiacha kuhesabu naona umesimama. Sijafungua duka. Mazoezi siwezi hata kuyasikia, maana wewe uliyekuwa unatembea elfu tisa umepasuka moyo, mimi wa elfu nne nitapona wapi? Nilikufuata wewe, dada. Kila hatua niliyopiga nilikuwa nakufuata wewe.

Garam anataka kunipeleka nikapimwe nimekataa. Sitaki kujua.

Nenda hospitali. Mwambie mama mkwe ni mawe ya nyongo tena, mwambie chochote, lakini nenda. Barua hii naituma kwa njia ya haraka. Naogopa mpaka meno yananiuma.

Mihwa


Yeongyang, 30 Oktoba

Mama Garam,

Fungua duka lako. Moyo wako ni mzima. Na wangu ni mzima. Ule si moyo wangu.

Sijui nianzie wapi, kwa hiyo naanzia kwenye aibu. Ile bangili siivai mimi. Tangu mwisho wa Septemba iko mkononi mwa mama mkwe. Nilimwambia ni bangili ya wilaya, ya kuwalinda wazee wasipotee. Yeye kutwa anasukuma kigari chake cha mtoto kisicho na mtoto, anachokiegemea akitembea, anapita nyumba kwa nyumba, shambani, ukumbi wa kijiji, kwa jirani wa juu kugombana, kwa jirani wa chini kusimulia ugomvi. Hizo ndizo hatua elfu tisa. Aliiringia bangili ukumbini mpaka wazee wenzake watano wakaenda ofisi ya kata kudai zao, wakamkaripia karani kwa upendeleo. Ningecheka kama si mimi niliyeyafanya.

Nilifanya hivyo kwa sababu siwezi kutembea. Wiki ya tatu ya mazoezi mgongo ulianza kuniuma, chini, upande wa kulia, mahali ninapoweza kupafunika kwa kidole gumba. Si kiuno cha pilipili. Hicho nakijua, kikilazwa kinatulia. Maumivu haya yanazidi nikilala. Nimeacha kukaa, nimeacha kuinama, viatu navaa nimeegemea ukuta. Kamera niliizima ili msinione.

Utaniuliza kwa nini sikusema. Wakati tunajiunga tulisomewa kwamba huu ni utafiti, na jozi ikipungukiwa na mmoja, yote inaondolewa. Ulikuwa umeniandikia kwamba unajiunga kwa kuogopa. Nikasema, nikitoka mimi, anatoka na yeye, na ndiyo kwanza ameanza kulala. Sikutaka kukuvurugia. Hayo ndiyo niliyojiambia kila siku. La chini yake ni kwamba sikutaka kusikia. Mume wangu alianza kwa kusema mgongo.

Sasa tazama nilipojifunga. Moyo unaoruka ni wa mama. Kila asubuhi namwona anasukuma kigari kupanda mlima na najua kinachoweza kumpata, na yeye hajui. Nimemwambia twende hospitali ya Andong akapimwe moyo, akaniuliza, "Nani kakwambia moyo wangu mbovu? Umeuona?" Nimeuona, Mama Garam. Nimeuona kwa mashine ya watu wenye saratani. Nikimwambia nimejuaje, lazima niseme bangili. Nikisema bangili, nimesema mazoezi. Nikisema mazoezi, nimesema titi. Na nikisema titi, ataniuliza, na mgongo?

Simu ikilia naiweka chini ya mto. Nimeogopa maisha yangu yote kidogo kidogo kama watu wengine. Hii ni mara ya kwanza naogopa mchana kutwa.

Usiniite dada tena kama hutaki.

Sunrye


Bucheon, 2 Novemba

Mama Wonsik,

Wiki nzima nimelala kitandani nikingoja kufa kwa moyo wa mama mkwe wako! Nimemwandikia Garam mahali zilipo hati za duka! Nimempigia mama yangu nikamwomba msamaha kwa mambo ya mwaka themanini na tisa ambayo alikuwa ameshayasahau, sasa ameyakumbuka!

Nimekasirika, na hasira yangu naiandika ili uisome. Umenidanganya kwa upole. Huo ndio ubaya wake, upole. Ulinitumia persimoni. Ungeniambia "Mihwa, mgongo unaniuma," ningepanda basi. Kuondolewa kwenye utafiti ningeondolewa, ingekuwa nini? Mimi nilitaka mtu wa kuogopa naye, sikutaka mshindi wa pili.

Haya, nimemaliza kukasirika, sasa nasema.

Kila siku unayokaa kimya, mko wawili mnaokwenda. Yeye kwa moyo, wewe kwa mgongo. Unamlinda asilisikie neno, na hilo neno ndilo litakalomfikisha kwa daktari. Sema, dada. Sema hata vibaya. Sema ukimpa kisogo. Nami nakupa mpaka tarehe kumi na mbili. Ikipita, nampigia Wonsik, namwambia yote, nawe unichukie ukiwa hai.

Bado nakuita dada.

Mihwa


Bucheon, 20 Novemba

Dada Sunrye,

Simu yako imezimwa tangu tarehe kumi na moja. Nilimpigia Wonsik kama nilivyosema. Akanijibu, "Najua, Mama Garam, tuko hospitali," kisha nikasikia mtu analia na simu ikakatika. Sikujua nani alikuwa analia. Sijapata tena ujasiri wa kupiga.

Kwenye mazoezi mraba wako haupo. Mwalimu Noh bado hajaniondoa, alituhesabia tu, moja, mbili, na akina mama wote wakafanya. Nimefanya yote mpaka mwisho. Sikuweza kufikiri kitu kingine cha kukufanyia.

Mtu yeyote anayefungua barua hii, tafadhali niandikie neno moja.

Mihwa


Andong, 29 Novemba

Kwa Mama Garam,

Mimi ni Chu Bongnyeo, mama mkwe wa Sunrye. Ninaandika kwa mkono wangu. Kusoma nilijifunza ukumbini nikiwa na miaka sabini na tisa, kwa hiyo nitakwenda polepole, nawe usome polepole. Barua zako zote nimezisoma. Sikuomba ruhusa. Wewe una mdomo kweli kweli, na nimekushukuru kwa mdomo huo.

Tarehe kumi na moja tulikuwa tunatia chumvi kabichi za kimchi, ile achari ya kula majira ya baridi, kabichi sitini. Nilimwambia mkamwana wangu anyanyue beseni. Akaliinamia, hakuinuka. Nikamwambia, "Mwanamke wa miaka sitini na mbili anashindwa na beseni ninalobeba mimi? Au unasubiri wajukuu waje walinyanyue?" Akapiga magoti kwenye maji ya chumvi. Akaniambia yote akiwa amepiga magoti hivyo hivyo, ameshika ukingo wa beseni, hanitazami. Bangili. Moyo wangu. Titi. Mgongo.

Sikulia. Nitakwambia nilichofanya, ni aibu lakini nitakwambia. Nilimpiga begani kwa kabichi. Nikamwambia, "Kumbe ndiyo maana huji na mimi kwenye bafu la umma."

Unajua, tangu alipoolewa kwetu, kila Jumamosi tulikwenda bafuni wawili. Yeye ananisugua mgongo, mimi namsugua wake. Miaka thelathini na saba. Kisha akarudi kutoka Ulsan akaanza visingizio. Leo kichwa, leo kuna wageni, leo maji ya moto yananichefua. Mwaka mzima na nusu. Nikasema, amechoka kuigusa ngozi yangu ya uzee. Mwanangu amekufa, sasa kwa nini anisugue? Nilidhani nimekuwa mzigo. Nilikuwa natoka asubuhi na kile kigari na kurudi jioni ili asinione sana nyumbani. Zile hatua mlizokuwa mnazihesabu, mwanangu, zilikuwa hizo.

Basi tulikaa pale kwenye maji ya chumvi, wajinga wawili.

Kuja hospitali nilikuja kwa masharti. Nilimwambia, siingizwi kwenye mashine ya moyo mpaka wewe uingie ya mgongo. Akasema mimi kwanza. Nikasema wewe kwanza. Wonsik akatupigia kelele sote wawili mbele ya wauguzi, kisha akaenda kulia ngazini. Huyo ndiye uliyemsikia kwenye simu.

Mimi moyo wangu unaruka kweli. Nimepewa kidonge cha kuifanya damu iwe nyepesi, asubuhi na jioni. Daktari amesema ningechelewa ningeanguka barabarani. Kwa hiyo huo uongo wake umenifaa, sijui nimshukuru nani.

Ugonjwa wa Sunrye umerudi. Naandika wazi kwa sababu yeye ameniambia niandike wazi. Uko kwenye mfupa wa mgongo, mahali pamoja, pale pale alipokuwa akipafunika kwa kidole. Daktari aliponiambia nilikuwa nimekaa kwenye kiti, na safari hii sikukaa chini sakafuni. Nilishikilia mkono wa kiti. Alisema hawezi kuutoa wote tena, lakini anaweza kuuzuia, na maumivu yatapungua, na kuna watu wanaokaa miaka. Nikamuuliza miaka mingapi. Akasema halmoni, nyanya, hilo sijui. Nilimpenda kwa kutonidanganya. Nyumba yetu imeshakuwa na uongo wa kutosha.

Bado hawezi kukaa kwa muda wa kuandika. Amesema nikwambie mambo mawili. Kwanza, tarehe tano uende, usiahirishe, na Garam aende nawe. Pili, amesema samahani. Mimi nilimwambia hiyo ya pili aiandike mwenyewe akiinuka.

Jana walimchora mgongoni kwa wino wa zambarau, mistari minne na msalaba katikati, ili mashine ya miale ijue pa kupiga. Muuguzi akatuambia mara tatu, msisugue hapa, alama zisifutike, mpaka wiki mbili ziishe.

Leo asubuhi nimemwosha. Kuna bafu dogo mwisho wa korido, lina stuli mbili za plastiki. Alikuwa hataki kuvua. Nikavua mimi kwanza, na matiti yangu yote mawili yanafika kitovuni, nikamwambia, "Haya, cheka." Akacheka. Akavua. Nilikiona kile kifua, Mama Garam. Ni kovu tu, limenyooka, kama mshono wa fundi mzuri. Nililigusa. Akaniachia niliguse.

Kisha nikamgeuza nimwoshe mgongo. Miaka thelathini na saba nimeusugua mgongo huu kwa kitambaa kigumu mpaka ukawa mwekundu, na mkono wangu unaujua kuliko unavyojua uso wangu mwenyewe. Leo sikujua pa kuushika. Nilichukua kitambaa laini, nikapita juu, nikapita pembeni, nikazunguka ile mistari polepole. Tone moja la maji lilikuwa linashuka kuelekea kwenye wino nikalizuia kwa kidole. Naogopa, mwanangu. Nilimzika mmoja kwa ugonjwa huu na ninaogopa kuliko wakati ule, maana wakati ule nilikuwa na huyu wa kunishika.

Nikamwambia nimemaliza. Kisha akanichukulia kitambaa mkononi akasema, "Mama, geuka. Zamu yako."

Nikageuka.

Chu Bongnyeo